Barua kwa vijana wa chuma Mwanza: mkifika kwa daktari semeni ukweli

Mwangaluka wanangu. Nawaandikia nyie mnaopiga chuma Mabatini, Igoma, Kirumba na kule Nyegezi, hasa mnaojiandaa kupanda jukwaani kwenye mashindano ya kutunisha misuli, maana shikamoo zenu naziitikia kila siku na sindano zenu nazijua pia. Mimi nilianza enzi za chuma cha zege, tunamwaga wenyewe kwenye makopo ya rangi, kwahiyo hamu ya kuona kifua kinajaa naielewa vizuri sana.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kijana anajidunga testo (testosteroni, homoni ya kiume) na deka, yaani steroidi za kujaza misuli, miezi na miezi, presha inapanda, anaenda hospitali, daktari anamuuliza kuna dawa yoyote unatumia, anajibu hapana, basi anaandikiwa vidonge vya presha kama mzee wa miaka 60 na jioni anarudi kwenye sirinji yake. Sasa hapo daktari atatibu nini? Anatibu moshi na moto umemficha.

Mwili wa mwanaume unajitengenezea testosteroni kama miligramu 5 mpaka 7 hivi kwa siku. Wewe unajidunga 500 kwa wiki, kuna wanaopitisha hapo na kuchanganya tren, steroidi nyingine, juu yake. Ubongo ukiona imejaa kwenye damu unafunga bomba, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua na zinaweza kuisha kabisa, halafu ukiacha hazirudi kesho yake, inachukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, na hapo katikati mtu anakuwa mnyonge kweli, mke hamtaki, kula hataki, kuna wanaofikia kuwaza kujiua. Ndio maana hata kuacha mkaache mkiwa mikononi mwa daktari. Damu nayo inakuwa nzito, kolestro nzuri inashuka, ukuta wa moyo unanenepa. Vidonge vya steroidi kama Dianabol na Winstrol vinaumiza ini. Dallas McCarver, mtunisha misuli wa Marekani, alikufa 2017 ana miaka 26, walipompasua moyo wake ulikuwa na gramu 833, wakati wa mwanaume wa kawaida ni 300 na kitu. Na huyo alikuwa na pesa na makocha!

Tena kuna wengine wananunua dexa (deksamethasoni, dawa ya hospitali ya uvimbe na mzio) dukani wakisikia ni steroidi, wanadhani ni ileile. Siyo ileile jamani. Dexa inakuvimbisha uso, inapandisha sukari na misuli yenyewe inaila.

Lakini wiki ya mwisho kabla ya shoo ndiyo naiogopa kuliko zote. Mnaita kukausha. Nimemuona kijana nyuma ya jukwaa, midomo imepasuka, maji hataki hata ya kusukutua, amemeza Lasix, dawa ya kukojoza, ili ngozi ishike misuli, mara paja likakaza, tukamnyoosha, likakaza la pili, halafu akaanza kusema moyo unaruka ruka. Ile dawa inatoa maji pamoja na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ikivurugika mapigo ya moyo yanaweza kukatika pale pale. Mtunisha misuli Mohammed Benaziza alikufa hivyo Uholanzi 1992, saa chache tu baada ya mashindano, mwili umekauka. Andreas Münzer wa Austria, 1996, siku chache baada ya kupanda jukwaani Marekani, ini na figo zikagoma, ana miaka 31. Huyo kijana wetu alipona kwa sababu mwenzake aliropoka mbele ya daktari alichomeza. Angenyamaza tungekuwa tunaongea mengine.

Na ile tabia ya kichupa kimoja watu wanne sirinji moja, sitaki hata kuisikia. Virusi vya ukimwi na homa ya ini B haviangalii nani ana kifua kipana. Homa ya ini B ina chanjo, ulizeni hospitali, mkachanje. Ila sirinji ni ya mtu mmoja mara moja, inatupwa.

Ningependa muache wote, nasema wazi, ugali na dagaa na sato na maharage vilitujengea miili na bado vinajenga, taratibu lakini vinajenga. Ila najua kuna atakayesoma hapa na bado kichupa kiko chini ya godoro. Wewe ndio nakuomba zaidi. Nenda kapime presha, damu, ini, figo, na moyo wapige eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Beba hicho kichupa mkononi daktari akisome mwenyewe, maana vingine ni feki na hata wewe hujui umejidunga nini. Mwambie dozi na umeanza lini, hata kama ana sura ya ukali. Yeye kazi yake ni kukutibu, siyo kukupeleka polisi.

Mwenye aibu ya kwenda peke yake anipitie jioni pale gym ya Mabatini, asubuhi yake tutaongozana wote mpaka hospitali ya Bugando, mbele ya daktari nitakaa naye.

Ni mimi mzee wenu wa chuma.