Mabenchi ya uani: usipake vanishi

Singida, Jumatano jioni

Ndugu yangu Mashaka,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mvua bado. Baba Chedi ameniambia mabenchi yako ya uani yamekamilika na fundi anayapiga vanishi Jumamosi. Tafadhali mzuie.

Vanishi ya makabati haifai uani, tena Dodoma! Kwa kuwa haina rangi, jua hupenya mpaka kwenye mbao na kuziharibu kwa chini, ndipo vanishi inapoachia na kubanduka maganda. Halafu ni ngumu: mbao zikitanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, yenyewe hupasuka. Maji yakiingia kwenye ule ufa hayatoki, na madoa meusi yanaanza. Hapo hakuna kuziba viraka, ni kukwangua benchi zima.

Nunua mafuta ya mbao ya nje, yenye rangi ya kahawia. Rangi ndiyo kinga ya jua, kwa hiyo yasiyo na rangi usiyakubali. Apige msasa namba 80, kisha 120, aishie hapo; zikilainishwa mno mbao hazinywi vizuri. Afute vumbi, apake kivulini asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Baada ya dakika 15 hivi afute yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata siku nyingi. Yakauke siku nzima, arudie. Matambara yenye mafuta yasirundikwe stoo, hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yalowekwe kwenye maji.

Na miguu! Ncha za chini hufyonza maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Pindueni benchi, zipakwe mara nne au tano mpaka zikatae kunywa, kisha zikae juu ya tofali za saruji. Mchwa wa huko hawachelewi.

Mwakani, kabla ya mvua za Desemba, utasafisha na kupaka mkono mmoja tu, bila kukwangua. Ndiyo maana nang'ang'ania mafuta.

Sasa nijibu: ni mninga mtupu, au miguu ni paini? Mbao zilikuwa zimekauka? Fundi ameshapaka sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi? Kama ameshapaka, mafuta hayatazama mpaka itolewe yote kwa msasa. Na Bibi, mguu unaendeleaje? Nipigie kabla ya Jumamosi.

Wako,
Juma