Kabla hujafunga begi

Shoga angu,

Meseji zako zote nimezisoma na ile ya sauti nimeisikiliza mara mbili nikiwa kwenye daladala, machozi yakanitoka hapo hapo Ubungo mpaka dada wa pembeni akanipa kitambaa. Nimeelewa. Shemeji kajenga kwao mpaka linta, we unakuja kujua kwa fundi, halafu unaniuliza kuongea kutanisaidia nini, mi nafunga begi naondoka ili aone. Kwanza niseme mapema usije ukanielewa vibaya, angekuwa anakupiga ningekwambia ondoka leo leo na nauli ningekutumia mimi. Ila hakupigi, kakuficha, na hilo nalo lina maumivu yake.

Nikwambie yangu, sijawahi kumwambia mtu. Kaka alipomega kiwanja cha marehemu baba akauza bila kuniuliza mi sikusema neno, nikaacha tu kutuma hela ya dawa za presha za mama, miezi miwili, nikijisemea watajua wenyewe kwamba nimekasirika. Hawakujua shoga. Wakasema nimepata mwanaume huku mjini kanibadilisha, shangazi akasema mi mchoyo tangu mdogo, na kaka akadhani nimefukuzwa kazi akawa ananionea huruma. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba mtoto wa kike sikuhesabiwa kwenye mali ya baba yangu, na hicho hakuna hata mmoja aliyekisikia. Aliyeumia ni mama, kumbe alikuwa anameza kidonge siku moja anaruka mbili ili visiishe. Mpaka leo nikipita duka la dawa nakumbuka.

Hata mafumbo ya kanga siku hizi naona hayatoshi. Si unamkumbuka mama mdogo kwenye ile harusi alivyovaa Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake, kamlenga wifi yake mmoja tu, wakanuna watu sita na aliyelengwa wala hakujua.

Kuna daktari wa magonjwa ya akili kule Zimbabwe, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake alijiua, alipouliza mbona hamkumleta hospitali akaambiwa hatukuwa na nauli, dola 15 tu. Ndo 2006 akaanza na mabibi 14 pale Mbare, Harare, bibi anakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja anamwaga yaliyomjaa, yale Washona wanayaita kufungisisa, yaani kuwaza mpaka kupitiliza. Ila kilichonigusa mi ni kwamba bibi hakuachi uishie kulia. Mnayapanga matatizo yako yote, unachagua moja, mnakubaliana ukafanye nini, halafu unarudi kumwambia imekuwaje. Wakaja kupima kwa watu 573, majibu yakatoka 2016, na waliokaa na mabibi baada ya miezi sita walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata matibabu ya kawaida.

Kwa hiyo sikwambii uongee halafu ukae. Nakuuliza tu, we unataka nini hasa? Hela? Kujua kwa nini alikuficha? Au jina lako liwemo kwenye hiyo nyumba? Hayo ni mambo matatu na begi halisemi hata moja, ukifika kwenu watu watasema umemkimbia kwa shida, mama mkwe atasema nilijua tu, na shemeji atakuja na wazee kukuomba msamaha kwa kosa ambalo silo.

Watoto wakilala zima tivii umwambie, nimeumia kwa sababu nimeambiwa na fundi. Hiyo tu, ya nyuma usiyafukue. Akikujibu ovyo au akikuficha tena, funga begi uje, chumba kipo na godoro lipo.

Mi kaka nilimwambia baadaye sana, kwa simu, sauti inatetemeka, akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata, halafu akasema "kumbe". Kiwanja hakikurudi. Ila mwezi uliopita kabla ya kukata ule mnazi wa nyuma alinipigia kwanza.

Nipigie hata usiku wa manane.

Mwenzio