Mtumishi asiye na jina

Ndugu Mhariri,

Jumapili tuliangalia filamu ya Marekani hapa kwetu Kadutu. Mweusi pekee alikuwa dereva: hana mke, hana kwao, anachekesha kidogo, kisha anapigwa risasi. Mwanangu wa miaka 9 akauliza, "Baba, yule anaitwa nani?" Nilikosa jibu, na iliniuma.

Ni ya zamani haya. Mwaka 1940 Mmarekani Hattie McDaniel alipata tuzo ya filamu ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, Mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Usiku uleule aliketishwa meza ya kando, mbali na wenzake.

Na sisi je? Kwenye maigizo yetu nimeona Mtwa, mtu wa jamii ya wenyeji wa misitu yetu, akiletwa jukwaani achekwe tu. Waandishi wetu, mpeni jina na la kusema.

Msomaji wenu,
Bukavu