Anayehamia ughaibuni aanze na vyeti, tiketi baadaye

Ndugu Mhariri,

Mazungumzo ya kuhamia nchi za nje huishia kwenye viza, mshahara na tiketi. Naomba nafasi nizungumzie vyeti, maana ndivyo vinavyowakwamisha hata watu ambao mengine yote yamewanyookea. Kazi imepatikana, viza imegongwa, lakini mke hapati kibali cha kuishi kwa kuwa cheti cha ndoa kimekataliwa dirishani.

Kinakataliwa kwa sababu ofisa wa huko hana njia ya kujua kama sahihi ya msajili wa kwenu ni ya kweli. Kwa ajili hiyo kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ulioleta uthibitisho uitwao apostili. Nchi iliyotoa cheti na nchi inayokipokea zikiwa zote zimo kwenye mkataba, apostili moja inatosha. Mojawapo isipokuwemo, kwa kawaida cheti hupitia wizara ya mambo ya nje ya kilikotoka, kisha ubalozi wa kinakokwenda. Orodha ya nchi hubadilika: China ilianza kuutumia mkataba Novemba 2023, Kanada Januari 2024. Anayefuata maelekezo ya kabla ya hapo anazunguka balozi bure.

Apostili hutolewa na nchi iliyotoa cheti, basi. Aliyesomea nchi moja na kufungia ndoa nchi nyingine ataomba kwenye nchi zote mbili, na kwa kawaida ubalozi wa nchi hizo ulioko anakoishi hauwezi kumgongea. Wengi huligundua hili wakiwa wameshahama, ndipo ndugu waliobaki nyumbani wanaanza kupangishwa foleni kwa niaba yao.

Ukipewa, itazame vizuri. Ni mraba ambao upande wake haupungui sentimita 9, kichwa chake ni cha Kifaransa, na una vipengele 10 vyenye namba. Unathibitisha sahihi, wadhifa wa aliyesaini na muhuri. Hauthibitishi kwamba yaliyoandikwa ndani ya cheti ni kweli, kwa hiyo muuguzi au mhandisi bado atapeleka shahada yake kwa bodi ya taaluma ya huko. Ikiwa karatasi ya apostili imebanwa kwenye cheti kwa pini, usiing'oe ili upate kutoa fotokopi. Kunja kona, toa kopi hivyo hivyo. Matundu ya pini iliyong'olewa yanampa ofisa sababu ya kushuku kwamba karatasi zimebadilishwa, na hapo unaanza upya. Vilevile usikitie cheti halisi laminesheni. Muhuri haushiki juu ya plastiki, na mara nyingi dawa ni kuomba nakala mpya kwa msajili.

Tafsiri ije mwisho, baada ya apostili. Ofisi nyingi hutaka apostili yenyewe itafsiriwe pamoja na cheti, tena na mfasiri anayetambuliwa na nchi unakokwenda. Anayetafsiri kwanza hulipa mara mbili. Hati ya polisi ya tabia njema nayo usiikimbilie, kwani mara nyingi hukubaliwa ikiwa imetolewa ndani ya miezi 3 au 6 tu. Kwa upande mwingine, kadi ya homa ya manjano, pale inapotakiwa, huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa.

Kabla ya yote hayo, linganisha majina. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44, na ndiyo inayosomwa na mashine. Haina ritifaa: jina lenye ng' juu ya ukurasa huwa na ng tupu chini. Hilo ni la kawaida. Tatizo ni cheti cha shule chenye majina matatu na pasipoti yenye mawili, au herufi moja iliyopotea. Kiapo cha majina, yaani tamko la kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kifanywe mapema, nacho kithibitishwe pamoja na vyeti vingine.

Kuna pia mzunguko unaochosha kuliko yote: benki ya huko inataka uthibitisho wa makazi, na mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Mwombe mwajiri barua inayotaja cheo, mshahara na anwani utakayofikia, na uwe na fedha za miezi miwili au mitatu zisizotegemea akaunti mpya. Laini ya simu ya nyumbani usiitelekeze. Benki hutuma namba za siri huko, na laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa, pengine akapewa mtu mwingine.

Kodi inahitaji barua yake yenyewe. Nitaje tu kwamba nchi nyingi hutumia siku 183 kama kigezo cha ukaazi wa kodi, lakini nyingine huangalia pia familia na nyumba yako viko wapi, na Marekani hutoza raia wake popote walipo.

Siku ya safari, vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi. Mzigo uliopotea unaweza kuletwa baada ya wiki. Miadi ya uhamiaji haikungoji.

Msomaji wako