Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Punda, Lamu

Ndugu wanachama, assalaamu alaykum.

Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, na zamu za kubeba mawe na mchanga kutoka gatini tulishakubaliana, kwa hivyo sitazirudia. Taarifa ya mwaka huu nimeiweka karibu yote kwenye tumbo la punda, maana huko ndiko tulikoumia.

Mwishoni mwa kaskazi, nyasi zilipokauka, punda kadhaa walishikwa na msokoto wa tumbo. Dalili mlizijua: mnyama anaparua mchanga kwa kwato, anageuza shingo kuutazama ubavu wake, analala, anainuka, jasho linamtoka na mavi hayatoki. Tukiuliza, habari ilikuwa karibu ile ile. Nyasi zimekwisha, mwenyewe kamjazia punda ndoo ya pumba za mahindi ili apate nguvu ya kazi.

Punda hacheui kama ng'ombe. Nyasi zake huchachukia nyuma, kwenye utumbo mpana, na wanaoifanya kazi hiyo ni bakteria na vijidudu wenzao. Wao ndio huvunja nyuzi za majani na kumpa punda sehemu kubwa ya nguvu zake. Ukibadilisha chakula ghafla, bakteria wanaokula nyasi hufa, wanaokula wanga huzaana upesi, gesi na asidi hujaa, na wakati mwingine ugonjwa hushukia kwenye kwato.

Daktari wa mifugo aliyetuzungumzia baada ya masika alitupa habari ambayo sijaacha kuifikiria. Huko Marekani yuko kindi wa ardhini mwenye mistari 13 mgongoni. Baridi ikiingia hulala shimoni karibu nusu mwaka, hali wala hanywi, mwili umepoa kama udongo uliomzunguka. Mtu akilazwa kitandani muda huo wote misuli hunyauka. Kindi huamka na misuli yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza sababu moja mwaka 2022. Urea, taka ya mwili yenye nitrojeni ambayo ingetoka na mkojo, huingia kwenye utumbo. Bakteria huivunja, na nitrojeni yake hurudi mwilini kujenga nyama. Kindi waliopewa antibiotiki, faida hiyo iliwapungukia sana. Na kadiri njaa ilivyorefuka, ndivyo bakteria walivyozidi kumfaa mwenyeji wao.

Punda wetu halali usingizi wa namna hiyo. Lakini naye, malisho yakiwa duni, huirudisha urea kwenye utumbo badala ya kuimwaga yote, na ni sababu mojawapo ya yeye kustahimili majani makavu ambayo farasi yangemkondesha. Kwa hivyo naomba kwa moyo wote: tusinunue antibiotiki dukani na kumchoma punda kabla daktari hajamwona. Dawa ile haichagui, inaua hata bakteria tunaowategemea. Na mtoto wa punda akionekana anakula mavi ya mamake, msimpige. Ndivyo anavyojipatia bakteria wake wa kwanza wa kusagia nyasi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tunashukuru, ila kamba na magunia ya nailoni bado yanaokotwa na kuliwa na punda vichochoroni, toka Langoni hadi Mkomani. Kila mwenye punda afagie mbele ya mlango wake.

Kamati inaleta hoja mbili. Kwanza, mwanachama anayebadilisha chakula achanganye kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki moja, nyasi zikiwa ndizo nyingi. Pili, akiba tuliyotenga kukarabati ofisi inunue nyasi za bara, kutoka sehemu za Hindi na Mpeketoni, zikiwa tele baada ya masika, zikaushwe na kuwekwa ghalani hadi kaskazi ijayo. Najua wapo wanaoitaka ofisi kwanza, na paa linavuja kweli. Kwa maoni yangu paa lingoje. Kura itapigwa leo, kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti