Tunaomba gari la kubeba chupa za plastiki, Jumamosi nne tu kwa mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalonikaa rohoni tangu mwaka jana. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Jirani na uwanja wetu unapita mfereji unaomwaga maji mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, chupa iliyotupwa uwanjani asubuhi inakuwa njiani kuelekea Jangwani kabla ya kengele ya mwisho, na zile zisizonasa popote hupita chini ya daraja la Selander zikaingia baharini. Watoto wanalijua hilo kuliko mimi. Wengine maji hayo yameshawaingilia ndani ya nyumba zao.

Ndiyo maana Februari mwaka jana, nilipowaambia mstarini kwamba tuanze kukusanya chupa za plastiki, sikuhitaji kumbembeleza mtu. Walileta viroba vya mchele kutoka nyumbani. Darasa la tano wakajipangia zamu: kila baada ya mapumziko wanapita kwa wauza barafu na ubuyu, chini ya mwarobaini, nyuma ya vyoo. Chupa hizohizo nikafundishia somo. Tulikata kipande cha chupa tukakitia kwenye ndoo ya maji pamoja na kifuniko chake. Kipande kikazama, kifuniko kikaelea. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini vifuniko vinawekwa peke yake: ni plastiki mbili tofauti, na mnunuzi wa chupa hazitaki zikiwa zimechanganyika. Hadi leo nakuta watoto wametenga kopo la vifuniko kwenye kona ya darasa bila kuagizwa.

Kufika Mei tulikuwa na viroba 19 nyuma ya stoo. Nikampigia mnunuzi, akaja na bodaboda, mizani mkononi. Kiroba kilichojaa hadi mdomoni kilikuwa na kilo mbili tu! Chupa za nusu lita ni nyepesi mno, hamsini na kitu ndizo zinatimiza kilo moja. Mzigo wote ukawa kilo 38. Kwa bei yake ya shilingi 300 kwa kilo, ni shilingi 11,400, wakati mwenye kirikuu alitaka 40,000 kuufikisha ghalani kwa mnunuzi. Mnunuzi akaniambia wazi kwamba yeye hatumi gari penye chini ya kilo 300. Sikumlaumu, naye anatafuta riziki. Shule nayo haina fungu la kukodi gari. Ruzuku ya shule ya msingi inapigwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo mnatakiwa kutoka chaki, mitihani na ukarabati.

Nikaandika manispaa kuomba gari, nikaambiwa nisubiri. Haikupita wiki mbili, ikaja taarifa kwamba kuna wageni wa kukagua usafi na viroba vile visionekane. Tukaletewa mapipa mawili mapya, la kijani na la bluu, yenye maandishi mazuri. Viroba vikaenda kwenye shimo la taka, na kiberiti nilikiwasha mimi. Moshi mweusi ukajaa darasa la kwanza, ikabidi watoto watolewe nje wakae upande wa pili wa uwanja. Binti mmoja wa darasa la tano, ambaye hakuwahi kukosa zamu yake, alisimama pembeni akitazama, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa tulikuwa tunaokota za nini?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumdanganya.

Nasikia watu wakisema Watanzania hatuna mazoea ya kurejeleza taka. Sikubali. Daftari la mwanangu likiisha linafungia karanga. Soda ya chupa ya kioo mtoto huirudisha dukani mbio kwa sababu muuzaji anaidai chupa yake. Na tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, sokoni kwetu tulizoea vikapu na mifuko mbadala haraka kuliko nilivyotegemea. Watu hufuata utaratibu pale wanapouona unafika mwisho wake. Wanafunzi wangu walifanya sehemu yao yote, chupa zikakosa tu mtu wa kuzibeba kutoka stoo.

Ninachoomba si kikubwa. Nimezungumza na walimu wenzangu: kwenye barabara yetu peke yake tupo shule za serikali kumi, na wote wako tayari. Kila shule ikikusanya kama tulivyokusanya sisi, kwa miezi mitatu ni kilo 380, na mnunuzi atapokea. Manispaa itupe lori moja, Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu, lipite shule hadi shule mpaka ghalani. Sisi tutazikanyaga chupa kwanza. Tumejaribu: ukifungua kifuniko, ukaikanyaga ikalala, kiroba kilekile kinabeba kilo tano, na mzigo wa shule zote kumi unaenea kwenye safari moja. Fedha igawanywe kwa kilo za kila shule, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wazazi waione. Haitajenga choo, najua, lakini itanunua mafagio na sabuni ya kunawia mikono, na watoto watajua imetoka wapi.

Mapipa tunashukuru, ila yalijaa ndani ya siku mbili, na yakijaa yanamwagwa palepale shimoni na kuchomwa.

Mwaka huu tumeanza tena. Hadi Ijumaa iliyopita tulikuwa na viroba vinane, vyote vya chupa zilizokanyagwa. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni. Natamani viondoke kabla ya hapo, na yule binti, ambaye sasa yupo darasa la sita, awepo vinapopakiwa.

Mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira,
Dar es Salaam