Wauzaji wa kreatini Malindi, ulizeni kwanza hali ya figo

Mhariri,

Vijana wetu hapa Malindi hawaishi kubishana kuhusu kreatini, ile poda nyeupe wanayokoroga kwenye maji wakienda kupiga chuma. Kuna wanaoapa kwamba inaua figo, na kuna wanaosema haina neno, ni kama kula nyama tu. Mimi ni mhudumu wa maabara. Watu ninaowaogopea katika mabishano haya hawatajwi na upande wowote: ni wale ambao figo zao tayari zina kasoro, na wengi wao hawana habari, kwa sababu ugonjwa wa figo huanza kimya kimya bila maumivu.

Haki isemwe. Kreatini si sumu, wala haimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Mwili wenyewe huitengeneza, na nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki. Anayekula jodari anaila pia. Hukaa kwenye misuli na kusaidia kurudisha nguvu upesi mtu anaponyanyua uzito au anapotimua mbio fupi. Imechunguzwa miaka mingi, na kwa mtu mzima ambaye figo zake hazina tatizo, gramu 3 hadi 5 kwa siku hazijaonekana kuziharibu. Mzazi asimwage kopo la mwanawe kwa uvumi wa barazani.

Ila uchunguzi huo ulifanywa zaidi kwa watu wasio na maradhi. Wagonjwa wa figo walioingizwa ni wachache mno, kwa hivyo hakuna mwenye haki ya kumwambia mgonjwa wa figo "tumia tu". Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha habari za kijana wa miaka 25 mwenye ugonjwa wa figo wa siku nyingi. Alipoanza kutumia kreatini vipimo vyake viliharibika, alipoiacha vikarudi. Mgonjwa mmoja hamalizi hoja, lakini kama ningekuwa na figo mbovu, huyo mmoja angenitosha.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa maabara hulikuta mara kwa mara. Kreatini mwilini hugeuka taka iitwayo kreatinini, na figo ndizo huitoa kwa mkojo. Taka hiyo ndiyo tunayoipima kwenye damu. Ikizidi, daktari hushuku figo. Sasa mtu anayekunywa kreatini, tena mwenye misuli iliyojaa, kipimo chake kinaweza kupanda ilhali figo zake ni salama. Nimemwona kijana aliyekuja kupimwa ili aende kazini Ghuba. Majibu yalipotoka juu kidogo, wakala akamwambia yeye ni mgonjwa, safari hakuna. Hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Aliiacha poda wiki kadhaa, akapimwa tena pamoja na mkojo, na mambo yakawa sawa.

Linaloninyima raha zaidi ni kinyume chake. Mzee mmoja wa presha alishauriwa afanye mazoezi, akajiunga na jimu, na huko akapewa poda. Kipimo kilipopanda, wenzake wakamtuliza: "Ni poda hiyo mzee, usijali." Akakaa. Siku tulipochovya kijiti kwenye mkojo wake tukakuta protini, na protini kwenye mkojo si ya kusingiziwa kreatini. Figo zilikuwa zikiharibika muda wote huo, na poda ikawa kisingizio cha kutolitazama tatizo lenyewe.

Ukiwauliza wanaotumia wameipata wapi, wengi watakuonyesha kifuko cha nailoni. Muuzaji amefungua kopo kubwa, akapima kwa kijiko cha chai na kufunga fundo. Hakina jina, hakina tarehe, hakina kipimo. Mnunuzi hajui kama ni gramu 5 au 10, wala kama ni kreatini tupu. Juu yake anaambiwa aanze na gramu 20 kwa siku wiki nzima ili misuli ijae haraka, ushauri anaopewa kila anayeingia mlangoni, mzima na mgonjwa. Na misuli ikiuma anameza diklofenaki ya dukani, dawa ambayo yenyewe ni hatari kwa figo zilizochoka, hasa kwa mtu aliyetokwa jasho kutwa katika joto letu hili bila maji ya kutosha.

Ninachowaomba makocha na wauzaji si kikubwa. Kabla ya kupokea pesa, muulizeni mtu: una presha au kisukari? Umewahi kuambiwa figo zina tatizo? Kwenu kuna anayesafishwa damu? Akijibu ndiyo hata kwa moja, msimuuzie. Mwambieni akapime damu na mkojo kwanza. Aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa figo asiiguse mpaka daktari anayemtibu amruhusu. Na wewe unayetumia, mwambie daktari na mtu wa maabara kabla sindano haijaingia. Kukiwa na shaka kipo kipimo kingine, sistatini C, ambacho hakitegemei misuli wala kreatini, ingawa si kila maabara inacho.

Wenzangu wa maabara, tuandike kwenye fomu kama mtu anatumia poda hizi. Nao maafisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Kilifi, wanaokagua vyakula hotelini, wapite na kwenye jimu wavione vile vifuko.

Mhudumu wa maabara,
Malindi